Posa ya Sungura

Nawaomba wasomaji wetu, khasa mama zetu, wanistahimilie. Wiki hii nitazungumza juu ya punda.

Mpwa wangu ni mwandishi wa programu za tarakilishi. Huifanya kazi yake akiwa nyumbani kwao hapa Mombasa, kwa kampuni iliyo ng'ambo, na mshahara wake huingia kila mwisho wa mwezi, walhamdulillahi. Aghalabu huja kwangu baada ya Isha, tukanywa kahawa barazani, naye akanieleza mambo ya kazi yake, ambayo robo yake nayafahamu na robo tatu nayaitikia kwa kichwa. Usiku mmoja alicheka peke yake akiitazama simu. Nikamuuliza, "Wacheka nini?"

Akasema, "Mjomba, nimeposwa tena."

Nilitaraji jina la binti na nyumba anayotoka. Kumbe posa yenyewe ilitoka kwa wakala wa ajira. Mtu asiyemjua alikuwa amemwandikia kwamba wasifu wake umewapendeza mno, kwamba wametafuta dunia nzima hawakuona kifani chake, na kwamba kazi waliyo nayo ni kama aliumbiwa yeye. Kazi hiyo ilitaka lugha ya programu ambayo mpwa wangu hajapata kuiandika hata mstari mmoja. "Hakunisoma," akasema. "Ametafuta neno, mashini ikamtolea majina mia, nasi sote mia tumeambiwa kwamba hatuna kifani."

Akanifunza namna biashara hiyo inavyokwenda. Wenye taaluma yake huweka wasifu wao katika mitandao ya kazi, kama LinkedIn iliyofunguliwa mwaka 2003, na mawakala huvua humo kama wavuvi. Wakala wa halali hulipwa na mwajiri pindi mtu anapoajiriwa, na mara nyingi ujira wake ni fungu la mshahara wa mwaka wa kwanza. Mtafuta kazi hatoi kitu. Mkataba nambari 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeiweka kanuni hiyo: mawakala wasimtoze mfanyakazi ada, ila kwa mambo machache yatakayoruhusiwa na serikali baada ya mashauriano.

Kwa upande wa sheria yetu sikuona ubaya wowote katika kazi ya namna hiyo. Ni udalali, na Imam Bukhari ameuwekea ujira wa dalali mlango wake katika Sahihi yake, akataja wanazuoni wa tabiina, miongoni mwao Ibn Sirin na Ataa, ambao hawakuuona una tatizo. Maneno matamu ya kupita kiasi ni jambo jingine, lakini kama tungewahukumu madalali wote kwa utamu wa maneno, soko la Kongowea lingefungwa kesho asubuhi.

Mpwa wangu, Mungu amsamehe, na mimi pia kwa kumsikiliza, ni mpenzi wa tamthilia. Hupenda kunieleza jinsi filamu zinavyoisingizia kazi yake: kijana amevaa kofia ya sweta, anabofya kwa sekunde kumi, na hazina ya benki imefunguka. Yeye husema kwamba sekunde kumi hazimtoshi hata kulikumbuka neno lake la siri. Lakini usiku ule alitaja tamthilia moja ya Korea Kusini, Squid Game, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2021 na ikatazamwa ulimwengu mzima. Siwapendekezei watoto wetu. Ina damu nyingi, na ninajua kwamba imeingia katika simu za watoto wa madrasa kuliko wazazi wao wanavyodhani. Nataja sehemu mbili tu alizonieleza.

Mwanzoni yuko mtu mwenye madeni, amekaa katika kituo cha treni. Anajiwa na mwanamume wa suti nzuri, mpole, mwenye mkoba, anayemwalika katika mchezo mdogo wa karatasi zilizokunjwa. Akishinda hupewa pesa, akishindwa hupigwa kofi. Mtu yule anapigwa makofi mpaka shavu linavimba, kisha anashinda mara moja, anapewa fedha, na makofi yote yamesahauliwa. Ndipo anapopewa kadi yenye nambari ya simu. Huyo wa suti ndiye wakala. Sehemu ya pili ndiyo iliyonistaajabisha zaidi: waajiriwa hao, ambao jumla yao ni 456, wanapoona kwamba mchezo ni wa kuuana, waliobaki hai wanapiga kura na kuachiliwa, wanarudi makwao salama. Kisha wengi wao wanarudi wenyewe, kwa miguu yao.

Nikamwambia, "Hiyo ni hadithi ya punda wa dobi."

Hakuijua! Kijana anayeandika lugha nne za mashini hakuijua hadithi ambayo bibi yake alitulaza nayo. Kwa hivyo naileta kwa muhtasari, kwani nadhani nyumba nyingi siku hizi zimeipoteza.

Punda wa dobi alimtoroka bwana wake akaingia mwituni, akala majani akanawiri. Sungura akamwona, akaenda kwa simba aliyekuwa ametoka katika ugonjwa, akamwahidi nyama. Kisha akarudi kwa punda na maneno ya heshima, kwamba ametumwa kuja kumposa, na mposaji ni simba mwenyewe. Punda akafurahi, akafuata. Simba akamrukia, wakapigana, punda akaponyoka na majeraha. Siku zikapita. Sungura akaenda tena, bila haya yoyote, na punda alipolalamika akamtuliza kwamba ile haikuwa shari, ndivyo bwana mkubwa azungumzavyo. Punda akafuata mara ya pili, na safari hiyo hakurudi. Simba alitaka moyo na masikio viwe sehemu yake, ila sungura alikwisha kuvila. Alipoulizwa viko wapi, alijibu kwamba punda yule hakuwa na moyo wala masikio, kwani lau angalikuwa navyo asingalikuja mara ya pili.

Mzungu Edward Steere aliisikia Unguja akaichapisha London mwaka 1870. Lakini ni ya kale kuliko hapo, imo katika Kalila wa Dimna, kitabu alichokitia katika Kiarabu Ibn al-Muqaffa' karne ya pili ya Hijria, na huko msaliti ni mbweha. Pwani tumempa kazi hiyo sungura, mnyama tunayempenda. Hapo wazee wetu walikuwa na maana yao: mwenye kukupeleka kuliwa haji na sura ya simba.

Tulicheka usiku ule. Sasa nieleze kwa nini sicheki tena.

Yapata miaka miwili iliyopita nilialikwa kisomo katika nyumba moja ya mtaani kwetu. Kijana wao, aliyesoma mambo ya tarakilishi chuoni na kukaa muda mrefu bila kazi, alikuwa amepata kazi ya huduma kwa wateja huko Bangkok. Alikuwa mwanafunzi wangu, alihifadhi juzuu kumi mbele yangu. Mama yake alikuwa ameuza bangili zake za dhahabu ili wakala alipwe. Tulisoma, tukaomba dua ya safari, tukala pilau, nikarudi nyumbani. Sikuuliza swali hata moja. Sikuuliza jina la kampuni, wala nani kaliona, wala kwa nini mwenye kuajiriwa ndiye anayelipa. Niliitikia Amina kwa sauti kubwa kuliko wote, na kitendo hicho kinanisuta hadi leo.

Alipofika hakupelekwa ofisini. Alisafirishwa kwa gari kutwa nzima, akavushwa mto usiku, akajikuta Myanmar, katika majumba yaliyozungushiwa kuta, eneo la Myawaddy. Pasi ikachukuliwa. Kazi aliyopewa ilikuwa kukaa mbele ya tarakilishi saa kumi na sita, akijifanya mwanamke tajiri, awaandikie maneno ya mapenzi wazee wa Marekani na Ulaya mpaka watoe akiba zao. Asiyefikisha kiasi alipigwa. Baada ya miezi saba aliachiliwa kwa fidia, na fidia hiyo ilikopwa.

Si yeye peke yake. Serikali ya Kenya ilianza kuwaonya wananchi juu ya kazi hizo za Thailand tangu mwaka 2022, na Wakenya kadhaa waliokolewa mwaka huo. Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 wanashikiliwa katika kazi za namna hiyo Myanmar peke yake, na wapatao 100,000 Cambodia. Mapema mwaka 2025 maelfu ya wageni walitolewa katika majumba hayo ya mpakani, Wakenya wakiwemo. Mtego huu hauwatafuti wasiosoma. Unawataka wenye Kiingereza safi na vidole vyepesi vya tarakilishi, yaani wale watoto tuliowauzia dhahabu wasome.

Iko hadithi qudsi katika Bukhari inayowataja watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama: aliyeahidi kwa jina Lake kisha akakhini, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu, akapata kazi kamili, asimpe ujira. Nimeifundisha hadithi hiyo miaka mingi kama watu watatu mbalimbali. Sikupata kufikiri kwamba mmoja aweza kuyatenda yote matatu kwa simu moja ya mkononi.

Mwezi uliopita mama wa kijana alikuja kuniona, amefuatana na mwanawe. Wakala amerudi. Anasema kule kwanza palitokea makosa, kwamba mwenye kampuni amesikitika, na sasa kuna kazi Laos, mahali pengine kabisa, tena ile pesa ya mwanzo haikupotea, itahesabiwa katika safari hii. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa. Mama akasema, "Sheikh, wenye deni wanabisha mlango kila Ijumaa. Si bora aende akalipe? Tusomee dua."

Ndugu zangu, ni rahisi kuicheka akili ya punda. Hadithi haituelezi kama punda yule alikuwa na deni.

Nilimwita mpwa wangu. Hakuhutubu. Aliichukua simu ya kijana akamwandikia wakala maswali machache, kwa adabu. Kampuni imesajiliwa kwa jina gani na wapi? Je, wewe umo katika orodha ya mawakala walioidhinishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira? (Orodha hiyo iko wazi katika tovuti ya Mamlaka, na mtoto yeyote mwenye simu aweza kumwonyesha mama yake.) Je, tutapata mkataba wenye mshahara, saa na mahali pa kazi kabla ya kulipa chochote? Viza ni ya kazi au ya utalii? Tunaweza kuzungumza kwa video na mtu mmoja anayefanya kazi hapo, wakati tutakaoutaka sisi? Majibu yalikuja ya haraka na matamu, na hakuna hata moja lililojibu swali lake. Kwa swali la viza alijibu kwamba watu wenye bahati hawana maswali mengi.

Tulipokuwa tukisubiri nilimkumbusha mama yule kisa cha Nabii Musa (a.s.) katika Sura ya Al-Qasas. Binti ndiye aliyemshauri babake amwajiri, na alimsifu kwa nguvu na uaminifu baada ya kumwona kisimani. Naye mzee wa Madyan hakumficha mgeni wake kitu: alimtajia kazi, muda wa miaka minane, na kumi akipenda mwenyewe, na ujira ni nini, akamwambia kwamba hataki kumtaabisha. Musa alikuwa mkimbizi, hana chakula wala makazi, mtu wa kutishika na kukubali lolote. Hata hivyo aliwekewa masharti yake waziwazi, na akayakubali kwa kumshuhudisha Mungu.

Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza swali la haki: "Na deni?"

Hapo dua peke yake haikutosha. Wenye kudai ni watu wa mtaa wetu, tunasali safu moja. Niliwaendea baada ya Ijumaa nikiwa na wazee wawili. Mmoja amesamehe nusu. Wa pili amekubali kulipwa kidogo kidogo. Wa tatu amekataa, na ni haki yake, ila amekubali kuacha kubisha mlango. Wadaiwa wametajwa katika Aya ya Zaka, na kamati ya msikiti inalitazama suala hilo wiki hii. Mpwa wangu anamfunza kijana jioni, na amemtahadharisha mapema kwamba huenda mwaka ukapita kabla hajapata kazi.

Lililobaki ni la mashtaka. Sheria ya mwaka 2010 ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu ina kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Ujumbe wote wa wakala umehifadhiwa, na kijana yu tayari kuandikisha taarifa, ingawa mama yake anaona haya majirani wasije wakajua alichokuwa akikiandika mwanawe kule. Nimemwambia kwamba aibu hiyo si yake. Hajakubali bado.

Wakala yungali anapiga. Jumatatu alipiga mara nne, na mama ndiye aliyeipokea ya mwisho. Alimsikiliza mpaka akamaliza, akamuuliza kama anaye mama, kisha akakata.