Minnesota: Historia ya kaunti mbili iliyofichika katika hati za nyumba

Mhamiaji kutoka Afrika Mashariki anayenunua nyumba kusini mwa mji wa Minneapolis, nchini Marekani, huenda akagundua kwamba hati ya kiwanja chake ina sharti la zamani linalomkataza mtu mwenye asili ya Kiafrika kukimiliki au kuishi hapo.

Sharti hilo halina tena nguvu ya kisheria. Hata hivyo, limebaki katika masjala ya Kaunti ya Hennepin, kwa sababu hati ya ardhi ikishaandikishwa haifutwi. Ni kutoka katika masjala hiyo ambapo wanahistoria wameanza kuisoma upya historia ya miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, ambayo leo ni makazi ya maelfu ya Wasomali, Waoromo, Wakenya na Waafrika wengine.

Minneapolis ni makao makuu ya Kaunti ya Hennepin, na Saint Paul ni makao makuu ya Kaunti ya Ramsey. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2020, Hennepin ilikuwa na wakazi 1,281,565 na Ramsey 552,352.

Asili ya kaunti

Kaunti ni mfumo wa utawala ambao walowezi waliuchukua kutoka Uingereza, ambako umekuwapo kwa karne nyingi. Waingereza wamezithamini sana kaunti zao, hata mwaka 1899 wakaanzisha mradi mkubwa wa kuandika historia ya kila kaunti ya England, uliopewa jina la Malkia Victoria. Mradi huo unaendelea hadi leo chini ya Chuo Kikuu cha London.

Wakenya wanalifahamu neno hilo vyema, kwani katiba yao ya mwaka 2010 iliigawa nchi katika kaunti 47. Jimbo la Minnesota peke yake lina kaunti 87.

Lakini tofauti ni kubwa. Kaunti za England zilikua polepole katika nchi ya watu waliokuwa wakiishi humo tayari. Kaunti za Minnesota zilichorwa kwenye ramani na watu waliofika juzi, juu ya ardhi iliyokuwa na wenyewe.

Makutano ya mito

Wenyewe hao ni Wadakota, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Amerika. Mahali ambapo mto Minnesota unaingia katika mto Mississippi, wao hupaita Bdote, na katika masimulizi ya wengi wao hapo ndipo taifa lao lilipoanzia. Jina la jimbo lenyewe limetokana na maneno ya Kidakota yanayohusu maji.

Mwaka 1805 afisa wa jeshi la Marekani, Zebulon Pike, alifika hapo na kuwataka viongozi wa Wadakota waitoe ardhi ya kujengea ngome. Viongozi saba walihudhuria mkutano huo, lakini ni wawili tu waliotia alama zao kwenye mkataba. Nafasi ya kuandika bei iliachwa wazi.

Pike mwenyewe alikadiria kuwa ardhi hiyo, ya ekari zipatazo 100,000, ilikuwa na thamani ya dola 200,000. Baraza la Seneti lilipoidhinisha mkataba huo mwaka 1808, liliijaza ile nafasi iliyoachwa wazi kwa dola 2,000.

Ujenzi wa ngome ulianza mwaka 1820, na baadaye ikapewa jina la kamanda wake, Josiah Snelling.

Ngome ya Snelling ilikuwa katika eneo ambalo sheria ya mwaka 1820 ilipiga marufuku utumwa. Licha ya hayo, maafisa wa jeshi waliishi humo na watumwa wao. Mmoja wa watumwa hao alikuwa Dred Scott, aliyeletwa mwaka 1836 na daktari wa jeshi, John Emerson. Alimwoa Harriet Robinson hapo hapo ngomeni.

Mwaka 1846, wakiwa wamerudishwa katika jimbo la Missouri, mume na mke hao walikwenda mahakamani wakidai uhuru kwa hoja kwamba walikuwa wameishi katika ardhi isiyoruhusu utumwa. Mwaka 1857 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa nchi hiyo. Hukumu hiyo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1861.

Majina ya kaunti

Minnesota ilitangazwa kuwa eneo la utawala mwaka 1849, na gavana wake wa kwanza alikuwa Alexander Ramsey. Mwaka huo huo kaunti yenye mji wa Saint Paul ikapewa jina lake.

Ramsey aliongoza mazungumzo ya mikataba ya mwaka 1851, ambayo kwayo Wadakota walitoa takriban ekari milioni 24, eneo linalozidi theluthi moja ya Uganda. Sehemu ya malipo yao iliishia mikononi mwa wafanyabiashara waliosema kuwa wanawadai.

Kaunti ya Hennepin iliundwa mwaka uliofuata, 1852. Ilipewa jina la Louis Hennepin, padri aliyezaliwa katika nchi ambayo sasa ni Ubelgiji. Mwaka 1680, akiwa amechukuliwa mateka na Wadakota, padri huyo aliyaona maporomoko makubwa ya mto Mississippi na kuyaita kwa jina la Mtakatifu Antoni wa Padua. Wadakota walikuwa na jina lao tayari, Owámniyomni. Nguvu ya maporomoko hayo ndiyo iliyokuja kuendesha vinu vilivyoifanya Minneapolis kuwa mji mashuhuri duniani kwa usagaji wa ngano.

Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Wadakota haikuwa hivyo. Mwezi Agosti mwaka 1862, baada ya malipo ya serikali kuchelewa na njaa kuwazidi, baadhi yao walichukua silaha na kuwashambulia walowezi. Mamia ya watu waliuawa. Ramsey, wakati huo akiwa gavana wa jimbo, aliwaambia wabunge kwamba Wadakota lazima waangamizwe au wafukuzwe milele nje ya mipaka ya Minnesota.

Mahakama za kijeshi ziliwahukumu kifo watu 303. Rais Abraham Lincoln aliwapunguzia adhabu wengi wao, lakini tarehe 26 Desemba, 1862, wanaume 38 walinyongwa kwa pamoja katika mji wa Mankato. Wanawake, watoto na wazee zaidi ya 1,600 walifungiwa katika kambi iliyokuwa chini ya ngome ya Snelling wakati wa baridi kali. Wanahistoria wanakadiria kuwa kati ya watu 130 na 300 walikufa humo, wengi kwa maradhi. Waliosalia walipakiwa kwenye meli za mtoni mwaka 1863 na kupelekwa mbali na nchi yao.

Sharti katika hati

Wenyeji walipoondolewa, ardhi ikapimwa viwanja, ikauzwa na kuandikishwa katika ofisi za kaunti. Kuanzia mwaka 1910 baadhi ya wauzaji wa Minneapolis walianza kuingiza katika hati zao sharti kwamba kiwanja kisiuzwe wala kupangishwa kwa watu wa asili fulani. Hati ya mwanzo inayojulikana iliwataja Wachina, Wajapani, Waturuki na watu wenye damu ya Kiafrika, miongoni mwa wengine.

Sharti hilo lilifungamana na ardhi, si na muuzaji. Kila aliyenunua alirithi katazo hilo, hata kama yeye mwenyewe hakulitaka.

Mahali ambapo hati zilikuwa kimya, majirani walitumia njia nyingine. Mwaka 1931 Arthur Lee, mtumishi wa posta aliyepigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alinunua nyumba kusini mwa Minneapolis pamoja na mkewe Edith. Maelfu ya watu weupe waliizingira nyumba hiyo usiku baada ya usiku. Wakili wao, Lena Olive Smith, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa wakili Minnesota, aliwasaidia kushikilia haki yao, lakini takriban miaka miwili baadaye familia hiyo iliondoka. Nyumba yao haiko mbali na njia panda ambapo George Floyd aliuawa na polisi mwezi Mei mwaka 2020.

Mwaka 1948 Mahakama ya Juu iliamua kuwa mahakama haziwezi kuyatekeleza masharti hayo. Minnesota ilipiga marufuku kuandikwa kwa masharti mapya mwaka 1953, na sheria ya taifa ya mwaka 1968 ikaharamisha ubaguzi katika makazi.

Kwa nusu karne, basi, familia za weupe ziliweza kununua nyumba katika mitaa iliyokuwa ikipanda thamani na kuwarithisha watoto wao. Familia nyingi za weusi hazikupata nafasi hiyo. Hadi leo, pengo kati ya weupe na weusi katika umiliki wa nyumba katika miji hiyo ni miongoni mwa makubwa zaidi Marekani.

Saint Paul, katika Kaunti ya Ramsey, ilikuwa na mtaa wa weusi uliostawi, Rondo. Ujenzi wa barabara kuu, uliofanyika kati ya mwaka 1956 na 1968, uliupasua mtaa huo katikati, na zaidi ya familia 600 zikapoteza makazi. Mwaka 2015 meya wa mji, Chris Coleman, aliomba radhi hadharani.

Kusoma upya kumbukumbu

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walianzisha mradi uitwao Mapping Prejudice. Kompyuta zilipekua hati za Kaunti ya Hennepin zikitafuta maneno ya ubaguzi, kisha watu wa kujitolea wakazisoma hati zilizoteuliwa, moja baada ya nyingine. Ramani waliyoitengeneza inaonyesha zaidi ya viwanja 8,000 vyenye masharti hayo katika mji wa Minneapolis pekee. Baadaye kazi hiyo ilienea hadi Ramsey.

Sheria ya jimbo ya mwaka 2019 inamruhusu mwenye nyumba kuandikisha tamko la kulibatilisha sharti kama hilo. Maneno ya zamani hayafutwi, bali tamko jipya linawekwa pamoja nayo. Anayesoma ataona kosa, na ataona pia kuwa lilikataliwa.

Majina nayo yamejadiliwa upya. Ziwa kubwa kuliko yote mjini Minneapolis liliitwa kwa jina la John C. Calhoun, makamu wa rais wa zamani aliyeutetea utumwa. Mwaka 2017 bodi ya Kaunti ya Hennepin iliamua kwa kura 4 dhidi ya 3 kuunga mkono jina la Kidakota, Bde Maka Ska. Jimbo liliidhinisha mwaka 2018, wapinzani wakaenda mahakamani, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Minnesota ikaamua kwamba jina hilo libaki. Shule moja ya Minneapolis iliyobeba jina la Ramsey ilibadilishiwa jina mwaka 2017 kwa heshima ya Alan Page, jaji mweusi wa kwanza wa mahakama hiyo. Kaunti yenyewe, hata hivyo, bado inaitwa Ramsey.

Wakazi wapya

Mtaa wa Cedar-Riverside mjini Minneapolis ulikuwa, katika karne ya 19, makazi ya wahamiaji maskini kutoka Sweden, Norway na Denmark. Tangu miaka ya 1990 umekuwa kitovu cha Wasomali, wengi wao wakimbizi wa vita vilivyozuka baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991. Baadhi walipitia kambi za Dadaab nchini Kenya na walifika wakizungumza Kiswahili.

Waliletwa na mashirika ya makanisa yanayowahudumia wakimbizi, wakavutwa na ajira, na baadaye na jamaa waliotangulia. Leo Minnesota ndiyo yenye jamii kubwa kuliko zote ya Wasomali nchini Marekani.

Hawakubaki wageni tu. Ilhan Omar, aliyezaliwa Mogadishu na kuishi miaka minne katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya, alichaguliwa kuingia bunge la Marekani mwaka 2018. Mwaka 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo kutoka eneo la Brooklyn Park, katika Kaunti ya Hennepin. Bodi ya kaunti hiyo yenyewe haikupata wajumbe wasio weupe hadi uchaguzi wa mwaka 2018, Angela Conley na Irene Fernando walipochaguliwa.

Kwa wakazi hawa, historia ya kaunti si jambo la kale lisilowahusu. Ofisi inayoandikisha hati za nyumba zao ndiyo iliyowahi kuandikisha kwamba watu kama wao hawatakiwi. Nao Wadakota, ambao baadhi yao walirejea na wanaishi Minnesota hadi leo, wanawakumbusha wakazi wote, weupe kwa weusi, kwamba hati ya kwanza ya ardhi hiyo ilikuwa mkataba ulioachwa bila bei.

Ngome ya Snelling bado ipo, na leo ni makumbusho. Iko jirani na uwanja wa ndege wa kimataifa, na wengi wanaowasili kutoka Nairobi, Mogadishu au Addis Ababa kuanza maisha mapya hutua hapo, karibu kabisa na makutano ya mito ambayo Wadakota huyaita Bdote.