Gwaride la maharamia: Raha ya mtoto, kazi ya mzazi

Karibu kila mwisho wa Januari, jiji la Tampa, Florida nchini Marekani, hujaa maharamia. Ni sherehe ya Gasparilla, iliyoanza mwaka 1904, ikibeba jina la José Gaspar, haramia ambaye wanahistoria hawajapata ushahidi kwamba aliwahi kuishi. Meli yenye milingoti huingia ikifyatua mizinga, kisha gwaride hupita Bayshore Boulevard, kando ya ghuba, na watazamaji hurushiwa shanga.

Kwa mtoto ni raha tupu. Kwa mzazi ni kutwa ya jua, kelele na umati, huku maji yakiwa hatua chache tu.

Lipo gwaride la watoto, lisiloruhusu pombe, hufanyika siku nyingine. Mwenye wadogo aanze na hilo.

Popote penye umati na maji, mwandikie mtoto namba yako ya simu mkononi. Mpige picha asubuhi akiwa na nguo za siku hiyo. Mkinge masikio, mpe maji kabla hajalalamika kiu, na asikimbilie shanga zilizoangukia barabarani.

Akipotea, anzeni kumtafuta upande wa maji.