Noeli ni Sikukuu ya Kujishusha

Mwezi wa Desemba ukifika, mji wa Kigali hubadilika sura. Maduka hujaa watu, mafundi cherehani hukesha, na mama wa nyumbani huhesabu fedha zake mara mbili kabla ya kwenda sokoni. Hayo si mabaya, maana sikukuu ni sikukuu. Hata hivyo, hatuna budi kujiuliza: tunamsherehekea nani?

Tunamsherehekea mtoto aliyelazwa horini kwa sababu wazazi wake walikosa nafasi katika nyumba ya wageni. Waliopewa habari zake kwanza hawakuwa wakuu wala matajiri, bali wachungaji waliokuwa kazini usiku. Basi askari wa zamu anayekesha lindoni hali wenziwe wanaimba kanisani, asijione amesahauliwa. Habari njema ilianzia kwa watu wa lindo.

Hapa Kigali tunao mfano wa karibu. Cyprien Rugamba alikuwa mtu mwenye sifa: mtaalamu wa utamaduni, mshairi, mtunzi wa nyimbo na ngoma. Alimwoa Daphrose mwaka 1965, lakini kwa miaka mingi ndoa yao ilikuwa na uchungu mwingi, na mke alisali huku akivumilia. Mwaka 1982 Cyprien aliirudia imani yake, na tangu hapo nyumba yao ikageuka. Mwaka 1990 wakaanzisha nchini Jumuiya ya Emmanueli. Tena waliwakusanya watoto wa mitaani wa Kigali, wakawalisha na kuwatunza. Tarehe 7 Aprili 1994, mwanzoni mwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, waliuawa nyumbani kwao pamoja na watoto wao sita. Kituo cha watoto wa mitaani kinachobeba majina yao kimeiendeleza kazi hiyo, na mwaka 2015 Kanisa Katoliki lilianza kuchunguza maisha yao kwa nia ya kuwatangaza wenye heri.

Tazama, msomaji mpendwa, kazi yao ilivyoanza: sahani ya chakula kwa mtoto ambaye wengine walimpita bila kumtazama. Unyenyekevu si kuinamisha kichwa mbele ya watu. Ni kumwona mwenzako kuwa mtu kamili, hata asipokuwa na kitu cha kukulipa.

Nasi tufanyeje? Kitabu cha Luka chaeleza kwamba askari nao walimwendea Yohana Mbatizaji na kumwuliza swali hilo hilo. Hakuwaambia waache silaha zao. Aliwataka wasimdhulumu mtu wala kumsingizia, na waridhike na mshahara wao. Ushauri huo haujachakaa. Mwenye sare anayezungumza kwa upole na mwendesha pikipiki aliyekosea njia, au na mama mwenye kapu la ndizi, haipunguzii sare yake heshima. Wahenga walisema, heshima si utumwa.

Nyumbani nako kuna kazi. Baba anayerudi likizo asiingie kama mkaguzi wa kambi. Aulize kwanza mama na watoto waliishije bila yeye. Ikiwa alimkosea mkewe, aseme, "Mama, nisamehe," kabla ya kuleta zawadi, kwa kuwa kitenge kipya hakifuniki neno baya. Mama naye asikope ili meza yake ishinde ya jirani. Deni la siku moja huliwa kwa miezi, na watoto ndio wanaokosa madaftari. Maharage, ndizi na nyama kidogo, vikiliwa kwa amani, ni karamu tosha.

Msichana wa kazi asile jikoni peke yake siku hiyo. Naye ni mtoto wa watu, na mama yake humkumbuka. Apewe kiti mezani, na ikiwezekana ruhusa ya kwenda kwao. Tena watoto wapeleke sahani kwa mjane au mzee wa jirani, waipeleke kwa mikono miwili, wala wasiitangaze mtaani.

Sikukuu itapita, mapambo yatashushwa, na nguo mpya zitafuliwa na kupauka. Lakini mume aliyeomba msamaha, na mgeni aliyepewa kiti, hawataisahau Noeli hiyo.