Risasi Nzito au Nyepesi?

Bila shaka umepata kumwona mzee mwenye gobori, au walau umesikia habari zake. Mzee yule hakununua risasi dukani. Alimimina baruti mtutuni kwa kipimo alichokijua mwenyewe, akashindilia, akatia goroli ya risasi, kisha akaweka fataki. Kipimo kilipozidi, gobori lilimpiga teke begani, na pengine lilipasuka likamkata vidole. Kilipopungua, nguruwe alikwenda zake salama na kurudi usiku kula mihogo.

Huko Marekani, na katika nchi kadha wa kadha za Ulaya, wako watu wengi wafanyao kazi ya namna hiyo mpaka leo, lakini si kwa ajili ya nguruwe. Ni washindani wa kulenga shabaha kwa bastola. Huokota maganda ya shaba yaliyokwisha tumika, wakayasafisha, wakatia fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya cha risasi. Hivyo hupunguza gharama, tena hupata risasi inayopatana na bastola yao. Na swali liwasumbualo sana ni hili: kichwa kipi kinafaa?

Pengine wewe utajibu upesi: "Chenye nguvu kuliko vyote!" La, sivyo. Karatasi haina ngozi ngumu kama nyati. Hapana budi kwanza kuujua mchezo wenyewe.

Uso bapa kwa karatasi

Katika jimbo la Ohio kuna mahali paitwapo Camp Perry, ambapo mashindano ya taifa ya shabaha yalifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1907. Katika mchezo wa bastola wa desturi ya huko, mshindani husimama, hunyosha mkono mmoja tu, na kulenga maduara yaliyochorwa katika karatasi, umbali wa yadi 50 au 25. Wengi huchagua kichwa chenye uso bapa kama kizibo cha chupa. Kwa nini? Kichwa cha mviringo hupasua karatasi na kuacha kingo zilizoraruka, lakini kile bapa hukata tundu safi. Na tundu likigusa tu mstari wa duara la ndani, mshindani hupewa alama ya duara hilo. Basi tundu safi humwondolea mhesabu mashaka, na mshindani hapotezi haki yake.

Hesabu ya uzito na mwendo

Uko mchezo mwingine, wa kukimbia na kupiga shabaha nyingi kwa haraka. Shirika lake, liitwalo IPSC, liliundwa mwaka 1976 katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri. Ili mtu asitumie risasi dhaifu zisizorusha mkono, sheria yataka hesabu hii: uzito wa kichwa kwa greni, mara mwendo wake kwa futi katika sekunde, kisha gawanya kwa 1,000. Jibu lisipungue 125. (Gramu moja ni greni 15 na zaidi kidogo.)

Haya, tupige hesabu pamoja. Kichwa cha greni 124 kikienda futi 1,050 kwa sekunde, jibu ni 130.2. Kichwa cha greni 147 kikienda futi 890 tu, jibu ni 130.8. Vyote viwili vimefaulu! Lakini mkononi havifanani. Kile kizito hutaka baruti kidogo zaidi, na washindani wengi husema kinasukuma taratibu, hali chepesi hupiga kwa ghafula. Lakini mwenye bastola iliyofungwa kifaa cha kupitisha moshi juu ya mdomo wa mtutu hupenda chepesi na baruti nyingi, maana moshi ule ndio unaokandamiza mtutu usiinuke.

Mizani haina upendeleo

Siku ya mashindano makubwa, wasimamizi huchukua risasi nane za kila mshindani. Moja hufunguliwa na kichwa chake kupimwa; tatu hupigwa kwanza mbele ya mashine ipimayo mwendo. Jibu likipungua 125 baada ya majaribio yote yaliyoruhusiwa, mtu aweza kuendelea kucheza, lakini alama zake hazihesabiwi. Ndiyo maana mwenye busara hakai ukingoni mwa 125. Huongeza kidogo, kama mwuza mahindi mwaminifu atiaye konzi moja juu ya kibaba.

Kubadili kichwa ni kubadili kipimo

Hapa ndipo watu huumia. Ukitia kichwa kirefu zaidi katika ganda lile lile, kinaingia ndani zaidi, nafasi ya baruti inapungua, na nguvu ya moshi inazidi. Kwa hiyo kila kichwa kina kipimo chake katika vitabu vya watengenezaji wa baruti, na mtu huanza na kipimo cha chini. Aliyesahau baruti katika ganda moja aweza kukwamisha kichwa ndani ya mtutu. Akipiga tena nyuma yake, mtutu hupasuka. Ndiyo sababu mtu mwangalifu huchungulia kila ganda kabla ya kulifunga. Haraka haraka haina baraka.

Sumu isiyoonekana

Kichwa cha risasi tupu ni cha bei nafuu, lakini huchafua mtutu. Kilichovikwa shaba nyekundu ni ghali, tena ni safi zaidi mikononi. Maana madini ya risasi ni sumu. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa salama, na watoto ndio waumiao zaidi: huharibu ubongo unaokua. Washindani wenye akili hunawa kwa sabuni kabla ya kula, na hubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto.

Hapo, msomaji, habari hii yakufikia wewe usiye na bastola. Katika nchi zetu sheria haimruhusu mtu kujitengenezea risasi bila kibali, na ni vyema. Lakini wako wavuvi na mafundi wayeyushao risasi ya betri kuukuu katika sufuria, jikoni kwao, ili wapate chubwi za nyavu. Ikiwa nyumbani kwako iko sufuria ya namna hiyo, itoe leo, isipikiwe ugali tena. Wala usiyeyushe kitu hicho karibu na watoto.

Kila ndege huruka na ubawa wake. Mshindani hujaribu vichwa vya namna mbalimbali kwa bastola yake mwenyewe, huku ameegemeza mikono, na huchagua kile kinachotoboa matundu yaliyokaribiana. Hachagui chenye kishindo. Huchagua chenye kipimo.