Gari la Mjomba Linatumia Gesi

Tulipoazima gari la mjomba wa mwenzetu twende Birmingham, alitupa ufunguo na neno moja: "Msishtuke, wanangu, linawaka kwa petroli kisha linahamia gesi." Hatukuuliza zaidi. Njiani, katika baridi ya Januari, likaanza kukohoa kila lilipohamia gesi. Tukabonyeza swichi, tukalirudisha kwenye petroli, tukafika. Aibu ya kutojua tuliendesha nini ikabaki.

Tuliporudi tukamwomba atuonyeshe. Kwenye buti, mahali pa tairi la akiba, limelala tangi la chuma lenye umbo la ngata. Ndani mna LPG, jamii ya gesi ya jikoni, iliyogandamizwa hadi ikawa kimiminika. Halijazwi pomoni: valvu hufunga likifika asilimia 80, maana kimiminika hicho kikipata joto hutanuka na lazima kipate nafasi.

Bomba jembamba hukipeleka mbele hadi kwenye regyuleta, karibu na injini, na hapo ndipo tulipokwama. Kimiminika kikigeuka kuwa gesi hunyonya joto jingi. Aliyepika muda mrefu kwa mtungi mdogo anajua unavyopoa. Kwa hiyo maji ya moto ya injini hupitishwa ndani ya regyuleta kuipasha. Ndiyo sababu gari huwashwa kwa petroli kwanza, mpaka maji yapate moto. Maji ya rejeta yalikuwa yamepungua, regyuleta ikaganda. Sisi tulikagua matairi na oili tu!

Kutoka hapo gesi huchujwa, injekta zake zikaipuliza kwenye injini kwa amri ya kompyuta ndogo. Plagi na pistoni ni zile zile.

Ndugu zetu wa Dar es Salaam wakisema gari la gesi, kwa kawaida wana maana ya gesi asilia. Hiyo hukaa kwenye mtungi mnene kwa mgandamizo wa baa 200 hivi, na haigeuki kimiminika. Mitambo hiyo miwili haibadilishani matangi wala regyuleta.

Mjomba anasema gesi huliwa lita nyingi kuliko petroli, kama robo zaidi, ila bei ya lita ni nafuu. Kinachomkera ni vituo vya LPG kuzidi kupungua Uingereza, na treni ya magari ya kwenda Ufaransa kutopokea magari ya LPG. Yeye huvuka kwa feri.

Gari tumemrudishia, pamoja na dumu la maji ya rejeta. Dumu alilipokea bila kucheka.