Mguu Mmoja Unapovimba

Askari hufundishwa kuvumilia. Hutembea mwendo mrefu na mzigo mgongoni, na asubuhi huamka tayari kwa kazi. Uvumilivu huo ni sifa njema. Lakini yako maradhi ambayo kuyavumilia si ushujaa, bali ni kujiangamiza. Mojawapo hujulikana kwa kuvimba mguu mmoja tu, hasa wa kushoto, bila ya jeraha lolote.

Kwa nini wa kushoto? Damu hurudi moyoni kwa mishipa iitwayo vena. Ndani ya nyonga, vena ya kushoto hupita kati ya uti wa mgongo na ateri iendayo mguu wa kulia. Ateri ni ngumu, vena ni laini; kwa hiyo vena hubanwa kama mpira wa maji uliokanyagwa. Mwaka 1957 madaktari May na Thurner walieleza jinsi walivyochunguza maiti 430, wakakuta makovu ndani ya vena hiyo katika asilimia 22. Damu ikiganda hapo, bonge lake laweza kung'oka, likapanda hadi mapafuni na kuua ghafla.

Adui huyu amejificha tumboni. Atagunduliwaje? Chombo cha kwanza ni altrasaundi, ambayo huonyesha mwendo wa damu kwa mawimbi ya sauti. Lakini gesi ya utumbo huweza kuiziba isione nyonga, na mguu ukipimwa peke yake, kibano kilicho juu hakionekani. Ndipo hutumika siti skani, mgonjwa akiwa amedungwa dawa ya kuonyesha mishipa, au MRI. Katika hospitali kubwa, kijichombo chembamba cha altrasaundi huweza kupitishwa ndani ya vena yenyewe.

Hata hivyo, picha ni shahidi, si hakimu. Watu wengi wenye afya wana vena iliyobanwa, na aliyepungukiwa na maji mwilini huweza kuonekana na vena bapa. Daktari lazima alinganishe picha na dalili. Ndivyo ilivyo pia kwa vena ya figo la kushoto, ambayo huweza kubanwa kati ya ateri mbili na kuleta damu katika mkojo. Katika nchi zetu, dalili hiyo mara nyingi ni kichocho. Hicho ndicho kipimwe kwanza.

Basi, ndugu askari, mguu mmoja ukivimba, hasa baada ya safari ndefu ya gari, nenda kwa mganga siku hiyo hiyo. Ukihema kwa shida au kifua kikichoma, usingoje hata saa moja. Nanyi wakuu wa vikosi, msimwite mvivu anayeomba ruhusa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.