Joto Lisitusahaulishe Paji la Uso

Ndugu Waislamu, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la Dar es Salaam huwapeleka wazazi na watoto wao kwa wasusi na vinyozi wa Mnazi Mmoja na Kariakoo. Usafi huo ni jambo jema.

Kwa mabinti, twende kilioni inafaa: nywele husukwa kuelekea nyuma. Msusi asivute mno, kwani nywele za pembeni hukatika.

Tunawausia wanaoziacha nywele za mbele ziangukie usoni. Mtoto wa miaka 7 huamrishwa Swala, na katika madhehebu ya Imamu Shafi sehemu ya paji la uso sharti iguse mahali pa kusujudu bila kizuizi. Basi zibanwe nyuma, ndani ya mtandio. Mtoto aliyezoezwa hivyo hatahitaji kukumbushwa ukubwani.

Kwa wavulana, nywele fupi zilizo sawa zinatosha. Denge, na hicho kiitwacho leo kiduku, tuviepuke, Ibn Umar (R.A.) amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha nyingine. Kinyozi hufuata agizo letu, tusimlaumu mtoto.

Wallahu a'lam.